Injini ya Kobe

Shemeji yangu mdogo aliiua injini ya gari la mama yake kwa redio. Sisemi kwa mafumbo. Aliliazima gari asubuhi, akaweka spika kubwa nyuma, akafungulia muziki mpaka vioo vikatetemeka. Injini ilipochemka na kuanza kugonga kama mtu aliyefungiwa chooni, yeye alidhani ni ngoma. Akaendelea kuendesha. Lilipozima lenyewe alishuka, akafungua boneti, akapigwa na mvuke usoni, na kitu cha kwanza alichofanya baada ya hapo ni kupiga picha.

Huyo ndiye tunayemwita Mtaalamu. Jina hilo nilimpa mimi kwa dhihaka, na kwa bahati mbaya alilipenda.

Gari lenyewe watu wa mtaani walilibatiza Kobe. Ni dogo, la duara, milango miwili, taa za mbele zimekodoa kama za mtu aliyeshtuliwa usingizini, na rangi ilikuwa kijani kabla jua halijaamua vingine. Marehemu baba mkwe alilinunua ujanani, akalitunza kuliko alivyowatunza watoto wake, na ukiwaona watoto hutamlaumu. Alipofariki, mama mkwe aling'oa kiti cha nyuma, akatandika ubao, akawa anabebea trei za miche. Ana kitalu nyumbani kwake juu ya kilima: mipapai, michungwa, maua ya watu wanaopenda maua. Anateremka nayo kwa wateja asubuhi, anapanda na trei tupu mchana.

Barabara ya kwenda kwake ni nyembamba, ya mawe, na ina kona moja ya kushoto iliyokaa vibaya kama jino la juu ya jino. Magari ya abiria hayafiki. Pikipiki zinafika, lakini hazibebi trei za miche. Kwa hiyo bila Kobe hakuna kitalu, na bila kitalu mama anakuwa mtu wa kukaa pembeni akiletewa chakula kwenye sahani yenye kifuniko.

Na kulikuwa na mtu aliyekwisha kununua hiyo sahani. Shemeji yangu mkubwa ana duka la saruji na mabati, na kila penye watu wawili yeye anakuwa mwenyekiti. Nadhani hata akila peke yake anafungua kikao kwanza. Alikuwa ameshapaka rangi chumba cha uani ili mama ahamie, dirisha likitazama ukuta. Hakuwa na nia mbaya. Watu wa namna yake hawana nia mbaya, na ndiyo maana huwezi kuwazuia.

Wiki ile ile Kobe alipokufa, Mwenyekiti akatuita sebuleni kwake. Makochi yake bado yamevaa nailoni za dukani, kwa hiyo tulikaa tukiteleza na kutoka jasho mapajani: mama, mke wangu, Mtaalamu na mimi. Mwenyekiti akakohoa, kikao kikafunguliwa.

"Mama, gari limekufa. Ni mipango ya Mungu."

"Mungu hakuliazima," mama akasema.

Mtaalamu akatazama vidole vyake vya miguu.

"Nasema tu kwamba umri nao umekwenda. Kule juu uko peke yako. Chumba kipo, nimeshapaka rangi. Utapumzika."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Watu wanatusema, mama."

"Aa. Kumbe wanaoumwa ni watu."

Mke wangu akamshika mkono. "Mama, kaka ana haki kidogo. Ile kona mimi naiogopa tangu nikiwa mdogo."

Hapo Mtaalamu akaruka kama amekalia moto. "Nitalitengeneza mimi. Nitaweka injini ya kisasa. Haina kabureta, inapuliza mafuta yenyewe, kompyuta inapima. Mama, utapanda kilima kama uko kwenye lifti."

Mwenyekiti akacheka mpaka nailoni ikalia. Mama hakucheka. Alimtazama mwanawe mdogo, kisha mkubwa, kama mtu anayechagua kati ya nyanya mbili zilizooza.

"Haya," akasema. "Aweke hiyo injini. Gari likinipandisha kwangu bila kunizimikia, nabaki kwangu na mtu asinitajie chumba tena. Likinishinda, nakuja na godoro langu, na hiyo sahani utaniletea."

"Umesema mbele ya watu, mama."

"Nimesema. Mimi si ninyi."

Mimi ni fundi wa mabati na wa kuchomelea. Shule niliiacha mapema, hainidai wala siidai. Gereji yangu ina paa la bati, sakafu ya mafuta machafu, na benchi ambalo wateja hukalia wakinifundisha kazi. Siku moja Mtaalamu aliingia akisukuma mkokoteni, na juu ya mkokoteni kulikuwa na injini ndogo ya bati jepesi, imefunikwa kofia ya plastiki, waya zikining'inia kama matumbo ya kuku.

"Nini hiki?" nikamuuliza. "Cherehani?"

"Shemeji, hii imetoka kwenye gari lililogongwa nyuma. Mbele zima kabisa. Nozeli, sensa, kompyuta, vyote vipo."

"Na akili umeipata wapi, au hiyo inauzwa mbali?"

"Wewe kazi yako ni kuchomelea tu. Umeme niachie."

"Nitakuachia. Na kaburi nitachimba mimi, shemeji yangu, usijali."

Nilimwambia tutafute injini ya zamani kama ile iliyokufa, yenye kabureta, kitu unachoweza kukitengeneza kwa bisibisi na matusi. Akaniambia kabureta ziko makaburini na wenyewe. Basi nikakata. Injini ile ilikuwa nyembamba lakini ndefu kwenda juu, kama mtu aliyekulia kwenye korido. Karai lake la chini liligonga chuma cha kubeba magurudumu, nikakikata chuma na kukiunda upya. Vishikio vya zamani havikulingana na chochote, nikatengeneza vingine. Shafti ilikuwa ndefu, nikaifupisha. Boneti haikufunga, nikaipandisha bati katikati, Kobe akaota nundu. Kila nilichofanya nilikifanya nikilaani, na nilikifanya vizuri. Mtu akitaka ujinga kwangu anapata ujinga ulionyooka.

Mtaalamu yeye alikuwa ametundika simu kwenye kioo cha dereva, akimtazama fundi mmoja wa nchi za mbali anayefanya kazi kama hiyo hiyo. Fundi yule alikuwa akiongea lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua.

"Anasemaje?" nilimuuliza.

"Sijui. Namtazama mikono."

"Mikono haisemi."

"Yako labda."

Siku moja akaja na kikopo cha chuma. Alikuwa amekitengeneza kwa fundi mwingine, kwa kipande cha bomba nene, mifuniko juu na chini, na vidomo vinne vya kuchomeka mipira ya mafuta. Akaniambia nikifunge chini ya tangi la mafuta.

"Cha nini?"

"Yule jamaa anacho. Anakiweka hapa, kati ya tangi na pampu."

"Nimekuuliza cha nini."

Akarudisha picha nyuma, akatazama tena, mdomo wazi. "Sijui. Ila anacho."

"Yule ana kofia nyekundu pia. Na wewe utavaa? Kitu usichojua kazi yake hukihitaji. Tangi lipo, pampu ipo, mpira utatoka hapa uende pale. Unataka mafuta yapumzike njiani yanywe chai?"

Akabisha kidogo, kisha akakubali, maana nilikuwa nacheka na waliokuwa kwenye benchi walicheka pamoja nami. Kikopo nikakifumua mfuniko wa juu kwa grainda, nikawekea nati. Kilikuwa kikopo kizuri cha nati.

Iliwaka. Inauma kusema, lakini iliwaka mara ya kwanza alipogeuza ufunguo, bila kukohoa wala kubembelezwa. Ilinguruma chini kwa chini kama cherehani kweli. Nililipeleka gari mpaka juu kwa mama, nikashuka, nikapanda tena. Kwenye kona halikusita. Mtaalamu akatembea mtaani wiki nzima kifua mbele, na hata muuza magazeti akasimuliwa habari za nozeli.

Mama akalichukua, akaanza kubeba miche yake. Mwenyekiti akasema tungoje.

Hakungoja sana. Mchana mmoja mama anapanda, akafika katikati ya ile kona, injini ikazima. Akavuta breki ya mkono, akasubiri, akageuza ufunguo mara kadhaa, ikawaka, akaenda. Kwa uaminifu wake mwenyewe akawapigia simu wanawe akawaambia. Mtu mwingine angeficha. Mwenyekiti akasema hiyo moja haihesabiwi, gari jipya lina haki ya kukohoa, na alivyosema hivyo nilijua anajifurahisha.

Mtaalamu akalirudisha gereji. Akabadilisha sensa. Mimi nikamwaga tangi kutazama kama lina uchafu, sikuona kitu, nikalijaza tena dumu zima. Nikapanda nalo kilima, likapanda kama swala. Tukamrudishia mama. Siku zikapita vizuri, kisha likazima tena, kona ile ile. Likarudi gereji. Akabadilisha pampu, nikamwaga tangi, nikajaza, likapanda. Kwetu lilikuwa zima. Kwa mama lilikuwa zima kwa muda, halafu linakufa.

Mara ya tatu lilirudi nyuma. Lilizima kwenye kona, na kabla breki ya mkono haijashika likateleza na kukwaruza ukuta wa mawe. Taa ya nyuma ikavunjika, na trei ya miche ambayo mteja aliikataa ikamwagika ndani ya gari. Mama hakuumia. Lakini mke wangu aliposikia alilia, na alilia kwa kilio ambacho huwezi kukijibu.

Mwenyekiti akaja gereji mwenyewe, viatu vikimeta, akisimama mbali na kila kitu chenye mafuta. Akatukuta mimi na Mtaalamu tunaitazama ile taa.

"Naomba niulize," akasema. "Kwako wewe linazima?"

"Halizimi," nikasema.

"Na kwako?"

"Halijawahi," Mtaalamu akasema.

"Linazima kwa nani?"

Mtaalamu akaokota kipande cha taa sakafuni.

"Basi si gari. Ni mguu. Mguu wa mtu mzima hausikii pedeli, na masikio yake pia siku hizi hayasikii. Nitakuja Jumapili na pikapu kuchukua godoro. Nimemwambia. Amesema yeye ahadi haivunji."

Alipoondoka Mtaalamu akakaa chini kwenye sakafu, na suruali yake safi hivyo hivyo. "Shemeji, mimi ndiye niliyemhamisha mama," akasema.

Ningeweza kumfariji. Nilimwambia, "Sasa hivi umejua?"

Lakini mimi mwenyewe, ukweli, nilidhani Mwenyekiti amesema sawa. Gari linalozima kwa mtu mmoja tu, unamtazama mtu. Hata mimi nilimtazama.

Kesho yake mama aliingia na Kobe gereji. Ni mfupi, anaendesha akiwa amekalia mto, na kutoka nje unaona kitambaa cha kichwa na vidole kumi juu ya usukani. Hakuzima injini. Akanifungulia mlango wa pili.

"Mkwe wangu, panda."

"Mama, nina kazi kidogo..."

"Panda, baba."

Sasa, kuna sababu mtu na mama mkwe wake huwekewa kochi zima katikati. Ndani ya Kobe hakuna kochi. Magoti yangu yalikuwa kidevuni, bega langu linagusa bega lake, na kila alipoweka gia ilibidi nijikunyate kama ninapita kwenye waya wa nguo. Nilitazama mbele kama askari. Yeye hakuwa na habari. Aliendesha vizuri kuliko wanawe wote, na nasema hivyo nikijua wanawe wanavyoendesha.

"Wanangu wamekwambia mimi ni kiziwi?" akauliza.

"Hawajasema hivyo, mama."

"Wamesema. Wewe una adabu tu. Sasa nyamaza usikilize."

Tukaanza kupanda. Kona ikaja. Akapunguza, akaweka gia ya chini, akakanyaga taratibu, mguu umetulia kabisa, nikautazama. Akakata kushoto. Na hapo, nyuma yetu, chini ya ubao wa miche, kitu kikalia: sauti nyembamba, kali, kama mbu aliyeingia sikioni. Halafu injini ikafa.

Akavuta breki ya mkono. Kobe akatulia.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Inalia kabla ya kufa. Kila siku inalia. Nimewaambia wote wawili. Mkubwa akasema ni masikio yangu, mdogo akasema kompyuta haina mlio huo."

Mimi nilikuwa nimeshageukia dashibodi. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala kabisa, kama mtu aliyekata tamaa ya kuajiriwa.

"Mama, mafuta yameisha."

"Hayajaisha. Yapo ya kwenda na kurudi."

Hapo ndipo nilipojua, na nilijua vyote kwa pamoja, na nikajisikia kupiga kichwa kwenye kioo.

Lazima niueleze ule ukoo. Hawajazi kitu. Mke wangu akichemsha chai anapima maji kwa vikombe vya waliopo, mgeni akibisha hodi wakati wa kumimina tunagawana. Mwenyekiti mwenye saruji mpaka darini ananunua wembe mmoja mmoja. Yote hayo yametoka kwa marehemu. Siku aliyolinunua Kobe alijaza tangi kwa furaha, gari likaibwa usiku huo huo, likakutwa mbali, limetupwa, tangi kavu. Toka hapo akasema mafuta mengi ni zawadi ya mwizi, akawa anatia ya safari ya siku hiyo tu, ili mwizi asifike mbali. Mama amelishika hilo kama dini. Mimi sikuzaliwa mle. Mimi nikilirudisha tangi mahali pake nalijaza, na wala sijawahi kufikiri kwamba hilo ni jambo.

Tangi la Kobe ni pana na jembamba, halina ukuta hata mmoja ndani. Mdomo wa kutolea mafuta uko pembe ya mbele, upande wa kushoto. Ukipanda, mafuta yanakimbilia nyuma. Ukikata kushoto, yanakimbilia kulia. Yakiwa mengi haijalishi. Yakiwa kidogo kama ya ukoo ule, mdomo unabaki hewani na pampu inanyonya upepo na kulia. Injini ya zamani isingejua, kwa sababu kabureta ina kikombe chake juu, chenye akiba ya kuvuka kona kumi. Hii ya kisasa haina akiba. Kompyuta, sensa, kofia ya plastiki, lakini ukiinyima tone moja inazirai kama bibi harusi.

Na yule fundi wa mbali, kwa mikono yake isiyosema, alikuwa ameweka kikopo.

Tulirudi nyuma polepole mpaka chini, injini ikawaka, mama akanishusha gereji. "Umeona kitu," akasema. Haikuwa swali.

"Nimeona, mama. Ila usitie mafuta mpaka nikwambie."

"Sikuwa na mpango huo."

Mtaalamu nilimkuta kwenye benchi, anatazama simu bila kuiona. Nilikwenda kwenye rafu, nikachukua kile kikopo, nikazimwaga nati zote sakafuni mbele ya miguu yake. Zikatawanyika hadi chini ya magari.

"Hiki," nikasema, "ni cha nini?"

"Cha nati."

"Ni cha kona, mpumbavu wewe. Ulikiona, ukakitengeneza, halafu ukaniruhusu nikakikata."

"Wewe ndiye uliyecheka."

"Na wewe ukanisikiliza. Toka lini mtu mwenye akili anamsikiliza shemeji yake?"

Nikamweleza. Alisikiliza mdomo wazi, kisha uso ukamng'aa, kisha ukazimika. "Si tumwambie tu ajaze tangi?"

"Mpigie."

Akampigia. Nilisikia sauti ya mama ikitoka kwenye simu, tulivu kabisa, ikisema kwamba yeye na baba yao waliishi na gari hilo miaka yote kwa mafuta ya siku, na kama injini ya kisasa haiwezi kupanda kilima bila kushiba kama mwenye nyumba, basi iende ikakae kwenye chumba kilichopakwa rangi, yeye atabaki. Akakata.

"Umesikia," nikasema. "Shika spana."

Tangi la petroli halichomelewi hivi hivi, kama unaipenda familia yako. Mama alipotuachia Kobe tulilishusha, tukaliosha kwa sabuni, tukalisuuza, tukalijaza maji mpaka karibu na pale nilipotaka kuweka moto. Nikapanua mdomo wa zamani, nikachomea wa kwenda kwenye kikopo, na juu kabisa kimdomo kidogo cha kutolea hewa. Kikopo nikakirudishia mfuniko niliokuwa nimeukata, nikakifunga chini ya tangi. Mafuta yatateremka yenyewe kukijaza, na yanayobaki kwenye injini yatarudi humo humo. Tangi liiname litakavyo, kikopo kimeshiba. Mtaalamu alishika taa, akanipa kila spana kabla sijaiomba, na hakutaja simu hata mara moja. Nilitamani kumsifu, nikajizuia. Mtu wa namna ile ukimsifu anaweka spika tena.

Jumapili Mwenyekiti alikuja na pikapu na dereva wake. Tulimkuta chini ya kilima, pale barabara ya mawe inapoanza. Mama alikuwa amefika na Kobe, nyuma trei moja tu, mipapai.

"Mara hii napanda naye mimi," Mwenyekiti akasema. "Nione mguu kwa macho yangu."

"Karibu," mama akasema. "Usikanyage miche."

Alijikunja akaingia. Kobe akainama upande mmoja kama kikapu kilichobebwa na mtoto. Mwenyekiti akatazama dashibodi.

"Mama, mshale umelala."

"Umelala, haujafa."

Akatabasamu, akatupungia mkono kupitia dirishani, tabasamu la mtu aliyeona dua yake inajibiwa. Kikopo hakihitaji utangulizi.

Wakaondoka. Mimi na Mtaalamu tukabaki pale barabarani, tukiinua masikio. Kona yenyewe haionekani kutoka chini, inafichwa na ukuta. Unachobaki nacho ni sauti. Cherehani ikapanda, ikapanda, ikabadilisha gia. Nikamjua mama: anapunguza, anakata kushoto. Halafu sauti ikakatika.

Mtaalamu akanishika mkono wa shati. Alinishika kwa nguvu mpaka kifungo kikatoka. Sikumwondoa.

"Limezima," akasema.

"Nyamaza."

"Shemeji, limezima."

Halafu ikatokea tena, juu zaidi, nyembamba lakini ile ile, haijavunjika popote. Ni ukuta uliokuwa umeimeza. Ikaenda mpaka mwisho wa kilima, ikatulia, na ikafuata honi ya Kobe, ambayo hatukuibadilisha, inayolia kama bata aliyekanyagwa. Mara moja ndefu.

Mtaalamu akakaa chini juu ya jiwe akacheka, akafuta macho, akasema vumbi. Nikamwambia ndiyo, vumbi, na hiki kifungo utakishona.

Tukasubiri washuke. Hawakushuka. Tukasubiri mpaka kivuli cha pikapu kikahama. Mwishowe tukamwona mtu anateremka kwa miguu, anachagua mawe ya kukanyaga. Ni Mwenyekiti. Viatu vimekuwa rangi ya barabara, shati limegandama mgongoni, na mkononi ameshika mche wa mpapai kwenye kopo, ameuinua mbele kama mshumaa.

"Limezima?" Mtaalamu akamuuliza, ingawa alijua.

"Halijazima."

"Mbona unatembea?"

Mwenyekiti akapumua kwanza. "Amesema mafuta aliyotia ni ya kupanda tu."

Nilitazama pembeni, maana shemeji mkubwa ni mtu wa heshima na meno yangu yalikuwa yanatoka yenyewe.

"Na huo mche?"

"Ni wa mteja. Amesema kwa kuwa nateremka."

"Na kile chumba?" nikauliza. "Chenye rangi?"

Akafuta kiatu kimoja nyuma ya suruali, kisha cha pili. Akafikiri kama anayetafuta hoja ya kufungia kikao.

"Saruji inaingia kesho," akasema. "Dukani hapatoshi."

Akapanda pikapu, akaweka kopo mapajani, akalishika kwa mikono miwili lisimwagike, akamwambia dereva aende taratibu. Na pikapu iliyokuja kuchukua godoro ikaondoka na mpapai mmoja.